Namna ya kuchunguza muundo wa molekuli wa wanga wa muhogo uliotiwa asetili

Wanga wa muhogo ukipikwa na maji hutoa uji mzito unaong'aa, lakini uji huo ukiendelea kukorogwa motoni hulegea na kuvutika kama ute, na ukipozwa kwa muda mrefu huanza kuachana na maji yake. Viwanda vya chakula, karatasi na nguo hupunguza kasoro hizi kwa kuunganisha makundi madogo ya kemikali kwenye molekuli za wanga. Njia mojawapo ya zamani na iliyo rahisi ni kuutia asetili: wanga huchanganywa na maji baridi, hutiwa alkali mpaka pH ifike kati ya 8 na 8.5, kisha anhidridi ya asetiki hudondoshewa polepole huku pH ikishikiliwa hapohapo. Zao la kazi hiyo, linapokusudiwa kwa chakula, hutambuliwa kwa namba E1420 (namba za E ni za viongezwa vya chakula), na makundi ya asetili ndani yake hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2.5 ya uzani mkavu.

Asilimia hiyo hueleza wingi tu. Haisemi asetili imeshika kaboni ipi ya glukosi, wala imeshika mnyororo upi, wala kama imetapakaa sawasawa au imejazana sehemu moja. Mchunguzi anayetaka kusema lolote juu ya muundo wa molekuli anapaswa kuyajibu maswali hayo kwa mpangilio wake, kwa sababu hakuna kifaa kimoja kinachoyajibu yote, na kwa sababu baadhi ya vipimo huiondoa asetili ambayo vipimo vingine vinaihitaji. Mwongozo huu unafuata sampuli moja, yaani wanga wa muhogo uliotiwa asetili kidogo, tangu inapooshwa hadi inapokatwakatwa kwa vimeng'enya. Mwishoni umeelezwa kwa ufupi utofauti unaojitokeza wanga unapokuwa umebadilishwa kwa njia nyingine.

Kinachotafutwa

Wanga wowote ni mchanganyiko wa aina mbili za molekuli. Amilosi ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoungana kati ya kaboni ya 1 na kaboni ya 4, nao kwa kawaida hauna matawi au unayo machache sana. Amilopektini imejengwa kwa kiungo hichohicho, ila kila baada ya glukosi kadhaa huchipua tawi kupitia kaboni ya 6. Katika wanga wa muhogo amilosi huwa takriban moja ya tano ya uzani au pungufu kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki ni amilopektini.

Glukosi iliyo ndani ya mnyororo imekwisha kupoteza molekuli moja ya maji, kwa hiyo uzani wake wa molekuli ni 162, nayo hubaki na haidroksili (makundi ya oksijeni na haidrojeni) tatu zinazoweza kubadilishwa: ile ya kaboni ya 2, ya 3 na ya 6. Wastani wa haidroksili zilizobadilishwa kwa kila kizio cha glukosi huitwa kiwango cha ubadilishaji, na maabarani huandikwa DS. Upeo wake ni 3. Wanga wa chakula hauukaribii upeo huo hata kidogo, maana asilimia 2.5 ya asetili ni sawa na DS ya karibu 0.1, yaani asetili moja kwa kila glukosi kumi.

DS ni wastani, na wastani huficha mengi. Mabakuli mawili ya kachumbari yanaweza kutiwa chumvi ileile, moja likachanganywa na jingine likaachwa. Kipimo cha chumvi kitakuwa kimoja lakini mlaji hatadanganyika. Vivyo hivyo sampuli mbili zenye DS ya 0.07 zinaweza kutoa uji wenye tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo haitaonekana mpaka mchunguzi avuke kipimo cha wingi.

Kuosha na kukausha sampuli

Makosa mengi ya uchunguzi huu huanza kabla ya kifaa chochote kuwashwa. Wanga uliotoka kwenye mmenyuko umejaa asetati ya sodiamu, na ikiwa ulisawazishwa kwa asidi hidrokloriki, umejaa pia chumvi ya kawaida. Asetati hiyo imelala tu pembeni ya wanga bila kuungana nao, lakini kipimo cha NMR, kinachotumia sumaku kali kuhesabu haidrojeni za molekuli, kitaihesabu kama asetili halali iwapo mchunguzi hatakuwa makini. Basi osha wanga kwa maji yaliyokenekwa angalau mara tatu, kila mara ukiuacha utuame au ukiuzungusha kwenye sentrifyuji na kumwaga maji ya juu, kisha umalizie kwa ethanoli. Ili kujua kama uoshaji umetosha, chukua matone machache ya maji ya mwisho na uyatie nitrati ya fedha: yakibaki maangavu, kloridi imekwisha, na asetati, ambayo huyeyuka katika maji kwa urahisi, kwa kawaida huwa imeondoka nayo. Jaribio hili lina maana tu ikiwa asidi hidrokloriki ilitumika kusawazisha.

Kausha kwa joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selisiasi, saga taratibu kwa kinu kidogo na mchi, kisha pitisha kwenye chekecheo. Usikaushe sampuli yenyewe kwa nyuzi 105. Joto hilo litumike kwa kipande kingine kidogo ambacho kazi yake ni kukupa kiwango cha unyevu tu. Wanga unaoonekana mkavu kabisa kwa macho huweza kuwa na unyevu wa asilimia 12, na asiyeuhesabu unyevu huo ameshaingiza kosa la asilimia 12 katika kila tokeo litakalofuata.

Sharti jingine nisilolilegezea ni kuwapo kwa wanga asili wa kulinganishia. Uwe umetoka kwenye mfuko uleule uliotumika kutengeneza sampuli, na upitishwe katika hatua zilezile, ikiwemo alkali, maji na kukaushwa, isipokuwa tu haukutiwa anhidridi. Wanga wa dukani usiojulikana ulikotoka haufai kwa kazi hii, kwa sababu aina ya muhogo, umri wake na namna ulivyochakatwa hubadilisha urefu wa minyororo, na mabadiliko hayo yatachanganywa na yale ya kemikali.

Kupima wingi wa asetili kwa titresheni

Titresheni ni kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na bado ndicho ninachokiamini kwanza. Asetili imeungana na wanga kwa kiungo cha esta. Alkali hukivunja kiungo hicho, na kila kiungo kinachovunjika humeza molekuli moja ya alkali. Kwa hiyo alkali iliyobaki ikipimwa kwa asidi, iliyomezwa hujulikana.

Pima gramu 5 za sampuli kwa hesabu ya uzani mkavu. Ikiwa unyevu ni asilimia 12, hiyo ina maana ya kupima gramu 5.68. Zitie katika chupa ya koni ya mililita 250, ongeza mililita 50 za maji na matone machache ya fenolfthalini, kisha dondoshea haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) mpaka rangi ya waridi ibaki bila kutoweka. Hatua hii ya awali huondoa asidi huru iliyokuwamo, na haihesabiwi. Sasa ongeza kwa pipeti mililita 25.0 za haidroksaidi ya sodiamu ya 0.45 M, funga chupa kwa kizibo na uitikise kwa nguvu kwa dakika 30, ikiwezekana kwa mashine ya kutikisia. Joto lisizidi nyuzi 30, la sivyo wanga huanza kuiva na kugeuka gundi inayonasa alkali ndani yake. Kwa maabara ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa katika miezi ya kaskazi, sharti hilo halitimii lenyewe, na chupa inapaswa kukaa ndani ya beseni la maji yaliyopozwa.

Suuza kizibo na kuta za chupa kwa maji kidogo, kisha pima alkali iliyobaki kwa asidi hidrokloriki mpaka waridi ipotee. Taratibu nyingi zilizoandikwa hutaja asidi ya 0.2 M. Hata hivyo, mililita 25 za alkali ya 0.45 M zitadai mililita 56 za asidi hiyo katika jaribio lisilo na asetili, na bureti ya kawaida ni ya mililita 50, hivyo mpimaji hulazimika kuijaza tena katikati ya kazi na kuongeza kosa lisilo la lazima. Asidi ya 0.25 M, iliyosanifishwa kwa kabonati ya sodiamu isiyo na maji, hulimaliza tatizo hilo.

Fanya vivyo hivyo kwa wanga asili wa kulinganishia. Ujazo wa asidi ulioutumia kwa wanga asili toa ule ulioutumia kwa sampuli. Tofauti hiyo izidishe kwa ukolezi wa asidi, kwa 0.043 na kwa 100, kisha gawanya kwa gramu kavu za sampuli. Utapata asilimia ya asetili. Namba 0.043 ni uzani wa kundi la asetili, 43, uliogeuzwa kuwa gramu kwa milimoli.

Tuchukue mfano ambao wanga asili umetumia mililita 45.10 na sampuli mililita 36.60. Tofauti ni mililita 8.50, ikizidishwa kwa 0.25, kwa 0.043 na kwa 100, kisha ikagawanywa kwa 5, hutoa asilimia 1.83 ya asetili. Ili kupata DS, zidisha asilimia hiyo kwa 162, kisha gawanya kwa tofauti kati ya 4300 na mara 42 ya asilimia hiyohiyo. Hapa 4300 ni mara mia ya 43, na 42 ni uzani unaoongezeka kweli kwenye wanga, kwa kuwa asetili inapoingia haidrojeni moja hutoka. Jibu ni 0.070, yaani asetili moja kwa kila glukosi kumi na nne hivi.

Upo utaratibu mwingine unaonukuliwa sana, uliochapishwa na Wurzburg mwaka 1964, ambao huchukua gramu 1 ya wanga katika ethanoli ya asilimia 75, hutia mililita 40 za haidroksaidi ya potasiamu ya 0.5 M, na kuacha mchanganyiko kwa saa 72. Una faida kwa wanga wenye asetili nyingi. Kwa sampuli yetu, hata hivyo, tofauti ya ujazo kati ya wanga asili na sampuli ingekuwa mililita 0.85 tu kwa asidi ya 0.5 M, na kosa dogo la tone moja, mililita 0.05, lingepotosha jibu kwa karibu asilimia 6. Katika utaratibu wa gramu 5 kosa hilohilo halifiki asilimia 1. Anayepima wanga wa chakula kwa njia ya saa 72 anasubiri siku tatu kupata jibu baya zaidi.

Kuthibitisha kiungo kwa mwanga wa infraredi

Titresheni huonyesha kwamba kitu fulani kimemeza alkali, bila kukitaja. Spektra ya infraredi, inayopimwa kwa kifaa cha FTIR, ndiyo hukitaja. Saga miligramu 1 au 2 za sampuli iliyokaushwa vizuri pamoja na miligramu 200 hivi za bromidi ya potasiamu, kandamiza mpaka upate kidonge kiangavu, na upime kati ya 4000 na 400 cm⁻¹. Mwenye kifaa cha aina ya ATR huweka unga moja kwa moja juu ya fuwele bila kutengeneza kidonge.

Wanga asili utaonyesha mkanda mpana wa haidroksili karibu na 3400, kilele cha kaboni na haidrojeni karibu na 2930, kilele cha maji yaliyonaswa karibu na 1640, na msongamano wa vilele vya kaboni na oksijeni kati ya 1150 na 1000. Sampuli iliyotiwa asetili huongeza vitatu: karibu na 1740 kwa kabonili ya esta, karibu na 1370 kwa methili iliyoshikamana na kabonili, na karibu na 1240 kwa kaboni na oksijeni ya esta. Kilele cha 1740 ndicho cha kutegemewa. Kile cha 1370 huangukia mahali ambapo wanga asili nao una kilele, kwa hiyo usikitumie peke yake kama ushahidi.

Tazama pia visivyopaswa kuwapo. Vilele kati ya 1760 na 1850 vinaashiria anhidridi iliyobaki, kilele karibu na 1700 kinaashiria asidi ya asetiki huru, na mkanda karibu na 1560 hadi 1580 unaashiria asetati ya sodiamu ambayo haikuoshwa. Huo wa mwisho ukionekana, rudi kwenye uoshaji kabla ya kwenda NMR. Watu wengine hugawanya urefu wa kilele cha 1740 kwa ule wa kilele cha karibu na 1020 na kuuita uwiano huo DS. Uwiano huo unafaa kulinganisha sampuli za kundi moja zilizopimwa siku moja kwa mkono mmoja. DS yenyewe hauitoi bila mstari wa kulinganishia uliojengwa kwa sampuli zilizopimwa kwa titresheni.

NMR: wingi, matawi na mahali

Mashine ya NMR haipatikani katika kila maabara, na mara nyingi sampuli hupelekwa mbali. Kwa sababu hiyo inafaa mchunguzi aiandae vizuri mwenyewe na kuandika maelekezo kamili, kwa kuwa mwendeshaji aliyezoea molekuli ndogo huenda akatumia mipangilio isiyofaa kwa wanga.

Kausha miligramu 15 hivi za sampuli katika ombwe, uziyeyushe katika mililita 0.6 hadi 0.7 za DMSO (kiyeyushi cha maji kinachoyeyusha wanga) ambayo haidrojeni zake zimebadilishwa kuwa dyuteri, yaani haidrojeni nzito, na upashe moto kwa nyuzi 80 mpaka myeyusho uwe mwangavu, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa. DMSO hupenya ngozi na kubeba vitu vingine pamoja nayo, kwa hiyo glavu si hiari. Dakika chache kabla ya kupima, tia matone machache ya asidi ya trifluoroasetiki yenye dyuteri. Bila asidi hiyo, maji hujitokeza karibu na 3.3 ppm (kipimo cha mahali pa kilele kwenye spektra ya NMR) katikati ya haidrojeni za glukosi, na haidroksili za wanga huonekana kati ya 4.4 na 5.6 zikifunika kile unachotaka kupima. Asidi huzisukuma zote upande mwingine na kuacha uwanja wazi. Lakini asidi hiyohiyo hukata minyororo ya wanga taratibu, kwa hiyo myeyusho uliotiwa asidi hauwekwi akiba mpaka kesho.

Mwombe mwendeshaji aache muda wa angalau sekunde 10 kati ya mpigo mmoja na mwingine, na apime kwenye joto la juu kuliko la chumbani ili vilele viwe vyembamba. Muda mfupi kati ya mipigo hupunguza eneo la vilele vinavyochelewa kutulia, na hapo hesabu nzima hupotea ingawa spektra itaonekana nzuri.

Haidrojeni ya kaboni ya 1 katika kiungo cha kaboni 1 na 4 huonekana karibu na 5.1 ppm, na ile ya kiungo cha tawi, kaboni 1 na 6, karibu na 4.75. Haidrojeni tatu za methili ya asetili huonekana kati ya 1.9 na 2.1. Jumlisha maeneo ya 5.1 na 4.75 na uipe jumla hiyo thamani ya 1.00, kwa kuwa kila glukosi ina haidrojeni moja tu ya aina hiyo. Eneo la methili ligawanye kwa 3. Ikiwa eneo la methili ni 0.21, DS ni 0.07, sawa na ile ya titresheni katika mfano wetu. Kutoka kwenye spektra hiyohiyo unapata pia kiwango cha matawi: eneo la 4.75 ligawanywe kwa jumla ya maeneo yote mawili. Linganisha na wanga asili. Kiwango hicho kikiwa kimebadilika kwa dhahiri, hakuna sababu ya kudhani kwamba asetili imevunja matawi. Kwanza shuku namna ulivyochora mstari wa chini wa vilele, kwa kuwa kilele cha tawi ni kidogo na mstari ukiinama kidogo tu hukimeza.

Wanga wenye DS kubwa huhitaji hesabu nyingine. Asetili ikikaa kwenye kaboni ya 2 au ya 3, haidrojeni ya kaboni hiyo husogea na kuingia katika eneo la kaboni ya 1. Katika hali hiyo tumia eneo lote la haidrojeni za pete, ambazo ni saba kwa kila glukosi: zidisha eneo la methili kwa 7, kisha gawanya kwa mara 3 ya eneo la pete.

Kujua asetili imekaa kaboni ipi ni kazi ngumu zaidi. Njia ya kawaida ya kutafuta viungo vya sukari, ambayo hutia methili kwenye kila haidroksili huru na kisha kuvunja molekuli, hufanyika ndani ya alkali kali, na alkali huiondoa asetili kabla ya methili kukaa. Anayeitumia bila kujua atapata jibu safi la wanga usio na asetili yoyote. Njia salama zaidi ni kujaza haidroksili zote zilizobaki kwa propionili. Wanga uliojazwa hivyo huyeyuka katika klorofomu, vilele vyake huwa vyembamba, na methili za asetili za kaboni ya 2, ya 3 na ya 6 hutengana kiasi cha kupimika. Spektra ya vipimo viwili, inayounganisha kila haidrojeni na kaboni yake, husaidia kuthibitisha utambulisho huo.

Vipimo vinapokosa kukubaliana

Titresheni na NMR zikitoa namba moja, endelea. Zikitofautiana, usichukue wastani wake, kwa kuwa tofauti yenyewe ina habari. NMR ikiwa juu kuliko titresheni, mara nyingi kuna asetati au asidi ya asetiki isiyooshwa, ambayo titresheni iliisawazisha mwanzoni au haikuiona kabisa; kilele chembamba mno kati ya 1.8 na 2.0 ppm, kilichosimama pekee kando ya vilele vipana vya wanga, ndicho alama yake. Titresheni ikiwa juu kuliko NMR, kuna uwezekano wa mawili. Ama alkali ilinyonya kabonidayoksaidi ya hewa kwa sababu chupa haikufungwa, ama wanga una esta nyingine ambayo si asetili. E1422, kwa mfano, una asetili pamoja na viungo vya asidi ya adipiki vinavyoshikamanisha mnyororo na mnyororo, na titresheni huvihesabu vyote bila kubagua. NMR ikiwa chini tu bila sababu hizo, angalia kama myeyusho ulikuwa na vipande visivyoyeyuka, kwa maana kisichoyeyuka hakionekani.

Kuufuata mnyororo kwa vimeng'enya

Hapa ndipo swali la mtapakao linapojibiwa. Kimeng'enya cha beta-amilesi huanza kwenye ncha za nje za minyororo na kukata maltosi moja baada ya nyingine mpaka kikutane na tawi au na glukosi iliyobebeshwa kitu. Chemsha sampuli katika bafa (myeyusho usiobadilisha pH yake kwa urahisi) yenye pH kati ya 4.5 na 6, ambamo esta hubaki salama, ipoze, tia kimeng'enya, na upime maltosi iliyotoka. Fanya vivyo hivyo kwa wanga asili. Kwa DS ya 0.07, asetili iliyotapakaa sawasawa ingekaa kila baada ya glukosi kumi na nne, urefu unaokaribiana na ule wa minyororo ya nje ya amilopektini, na kwa hiyo ingezuia minyororo mingi na kushusha maltosi kwa kiasi kikubwa. Maltosi ikishuka kidogo tu, asetili imejazana sehemu chache na kuacha minyororo mingine huru. Matokeo ya namna hii hayashangazi katika wanga uliotiwa asetili ukiwa bado chembe, kwa sababu kemikali huingia kwa urahisi zaidi katika sehemu za chembe zisizo na mpangilio wa kifuwele.

Alfa-amilesi hukata katikati ya mnyororo na kuacha vipande vifupi vilivyobeba asetili. Vipande hivyo hupimwa kwa mashine ya uzani wa molekuli ya aina ya MALDI-TOF. Kipande cha glukosi tatu kilichobeba ayoni ya sodiamu huonekana kwenye 527.2, na kila asetili huongeza 42.0, kwa hiyo chenye asetili moja kitakuwa kwenye 569.2 na chenye mbili kwenye 611.2. Vipande vifupi vyenye asetili mbili au tatu vikiwa vingi kuliko ambavyo DS ingetarajiwa kutoa, hapo una ushahidi wa pili wa mrundikano, uliopatikana kwa njia isiyotegemea ule wa kwanza.

Urefu wa minyororo yenyewe hupimwa baada ya kuondoa asetili kwa haidroksaidi ya sodiamu ya 0.1 M na kusawazisha, kwa kuwa isoamilesi, kimeng'enya kinachokata matawi, huzuiwa na asetili na kutoa picha ya uongo. Minyororo iliyoachiliwa hutenganishwa kwa kromatografia ya ubadilishanaji wa ayoni na kupangwa katika makundi ya Hanashiro na wenzake ya mwaka 1996: glukosi 6 hadi 12, 13 hadi 24, 25 hadi 36, na 37 kwenda juu. Mpangilio wa sampuli ukilingana na wa wanga asili, utiaji asetili haukuikata minyororo. Tahadhari ileile inahusu kipimo cha amilosi kwa iodini: asetili huzuia mnyororo kujisokota kuzunguka iodini, rangi ya buluu hufifia, na mchunguzi huandika kwamba amilosi imepungua ilhali ipo yote. Ondoa asetili kwanza, kisha pima.

Wanga uliobadilishwa kwa njia nyingine

Wanga wenye haidroksipropili, E1440, umeunganishwa kwa etha na wala si esta. Alkali haiuvunji, na titresheni iliyoelezwa hapo juu itatoa sifuri. Wingi wake hupimwa kwa kuuvunja katika asidi salfuriki iliyokolea na kuupa rangi ya zambarau kwa ninhidrini, rangi inayosomwa kwenye nanomita 590, au kwa NMR ambako methili yake huonekana karibu na 1.1 ppm. Kwa kuwa etha huvumilia alkali, njia ya kutia methili inafaa hapa bila wasiwasi, na ndiyo iliyoonyesha kwamba haidroksipropili hupendelea zaidi kaboni ya 2. Katika mashine ya uzani wa molekuli kila kundi huongeza 58.0.

Wanga wenye ayoni chanya unaotumika katika karatasi hupimwa kwa naitrojeni yake, kwa njia ya Kjeldahl, na hapo naitrojeni ya protini iliyomo katika wanga asili hutolewa kwanza. Wanga ulioshikamanishwa kwa fosfati, E1412, ndio unaosumbua zaidi. Viungo vyake ni vichache mno, vilele vya fosfati katika infraredi hufunikwa na vile vya kaboni na oksijeni, na sehemu ya wanga hukataa kuyeyuka katika DMSO. NMR ya fosforasi, baada ya wanga kukatwa kwa alfa-amilesi, hutofautisha fosfati iliyoshika mnyororo mmoja na ile inayofunga minyororo miwili. Asiye na mashine hiyo apime mnato wa uji wa sampuli na wa wanga asili ukipikwa na kukorogwa kwa muda mrefu: uji wa wanga asili utalegea, na ule ulioshikamanishwa utabaki na uzito wake.